Chai ya kufukizwa si chai iliyoingia moshi

Nimelisikia tena wiki iliyopita, dukani, na safari hii kutoka kwa muuzaji anayezijua chai zake vizuri. Mteja alifungua kopo la Lapsang Souchong, akanusa, akauliza kama majani yameungua. Akajibiwa: "Hapana, hii ni chai nyeusi ya kawaida, wameitia ladha ya moshi tu." Mteja akalirudisha kopo kwenye rafu na kwenda zake.

Jibu lile lilikuwa la heri, lakini halikuwa sahihi. Lapsang Souchong ni chai ya milima ya Wuyi, mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa China, ambayo majani yake hunyaushwa na kukaushwa juu ya moto wa kuni za msonobari. Hiyo ndiyo maana yake, na haihitaji maneno mengi. Kinachonikera ni vitenzi tunavyovitumia kuielezea.

Kiswahili kina njia tatu za kusema moshi umekutana na chakula, na kila moja ina habari yake. Chai ikichemshwa kwenye mafiga, sufuria ikiachwa wazi na kuni zikiwa mbichi, tunasema chai imeingia moshi. Hiyo ni ajali, na mpishi ataulizwa. Tukiweka iliki, tangawizi au mchaichai, tunasema tumetia, yaani chai ilikuwepo tayari, kisha kitu kikaongezwa. Halafu kuna kufukiza. Mtu wa pwani haelezwi neno hili: chetezo chini, tenga juu yake, nguo juu ya tenga, na moshi wa udi unapanda taratibu mpaka uwe sehemu ya kitambaa. Hakuna anayesema nguo ile imetiwa ladha ya udi, wala kwamba imeingia moshi. Imefukizwa, kwa makusudi, na mtu aliyejua akae nayo muda gani.

Kinachofanyika Tongmu, kijiji kilicho ndani kabisa ya milima ile ya Wuyi, kinafanana sana na tenga na chetezo. Huko kuna jumba la mbao la ghorofa tatu au nne liitwalo qinglou. Moto wa msonobari huwashwa chini, na sakafu za juu zina mianya ili joto na moshi vipite. Majani mabichi hutandazwa juu ya mikeka, yakalegea na kunyauka huku moshi ukiyapitia. Kisha husokotwa na kuachwa yachachuke mpaka yageuke rangi. Kwa utaratibu wa zamani hupitishwa pia kwenye karai la chuma lenye moto mkali, yakasokotwa mara ya pili, ndipo yanaporudishwa chini karibu na moto yakauke. Hapo ndipo yanapokunywa moshi mwingi zaidi. Kwa hiyo moshi uko pale mwanzo jani likiwa bado laini, na uko pale mwisho. Ukiiondolea chai hii moshi wake hupati "chai ya kawaida" iliyovuliwa ladha. Unapata chai nyingine, iliyopikwa kwa njia nyingine. Iliyofanywa vizuri hata hainuki kama jiko. Nyuma ya utomvu wa msonobari kuna utamu wa tunda lililokaushwa, na Wachina huufananisha na longan, ambalo ni jamaa wa shokishoki letu.

Wafugaji wa Kipsigis wa Kericho wangelielewa hili bila mkalimani. Mursik, maziwa yao ya mgando, hugandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, na hakuna anayeuita mkaa ule kiungo. Ajabu yake ni kwamba vilima hivyohivyo vya Kericho vimejaa mashamba ya chai, na chai yao haifukizwi.

Sasa hili la "chai nyeusi". Wachina huiita hongcha, chai nyekundu, kwa sababu wao hutazama kilichomo kikombeni. Wazungu walitazama jani kavu wakasema nyeusi, na sisi tukatafsiri kutoka kwao kwenye vitabu na pakiti. Lakini jina ambalo watu wenyewe walijitungia majumbani ni chai ya rangi, nalo linatazama kikombe, kama Wachina. Nalipenda jina hilo kwa sababu hiyo. Tena Wachina wana chai wanayoiita nyeusi, heicha, ambayo ni kitu tofauti: majani huvundikwa na kuchachuka kwa muda mrefu, kama chai za Liubao na Anhua. Ukimwambia mtu wa Fujian kwamba Lapsang ni chai nyeusi kwa maana ya maneno yenyewe, umempeleka kwenye kabati jingine kabisa.

Jina lenyewe ndilo linalopotosha zaidi. Kwao chai hii huitwa Zhengshan Xiaozhong. Xiaozhong ni "aina ndogo", na ndiyo iliyogeuka Souchong midomoni mwa wafanyabiashara. Zhengshan ni "mlima halisi", yaani chai ya Tongmu na milima inayoizunguka, kinyume cha waishan, chai ya milima ya nje. Tazama vizuri: jina la Kichina halitaji moshi hata kidogo. Linataja mahali. Ng'ambo, neno Lapsang limekuja kumaanisha harufu, hata majani yatoke wapi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana mchana kutwa, mmoja akisema hii siyo kwa sababu haitoki Tongmu, mwingine akisema siyo kwa sababu hainuki moshi. Kila mmoja ameshika nusu ya jina.

Na si mara ya kwanza milima hii kunyang'anywa jina lake. Katika karne ya 18 Waingereza walikuwa na chai waliyoiita Bohea. Ni Wuyi hiyohiyo, kwa matamshi ya kusini mwa Fujian, upande uleule uliowapa neno lao la chai. Letu sisi lilizunguka kwa njia ya Uajemi na Bahari ya Hindi. Sehemu kubwa ya chai iliyotupwa baharini na waasi wa Boston, Marekani, mwaka 1773 ilikuwa Bohea. Lakini kadiri biashara ilivyokua, Bohea ilikoma kuwa mlima, ikawa jina la chai ya daraja la chini, na hatimaye neno lenyewe likafa. Nikisikia Lapsang ikiitwa "ladha", hilo ndilo ninalolikumbuka.

Maana kufukiza kwenyewe kunapungua hata Tongmu. Eneo lile ni hifadhi tangu 1979, na mwaka 1999 Wuyi iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, kwa hiyo misonobari ya pale haikatwi ovyo. Kuleta kuni kutoka nje nako si rahisi, kwa kuwa kuna ugonjwa wa minyoo wadogo unaoua misonobari China, uliogunduliwa huko Nanjing mwaka 1982, na usafirishaji wa mbao hizo unadhibitiwa vikali. Ulaya, iliyokuwa mnywaji mkubwa, iliweka mwaka 2014 kikomo cha miligramu 0.02 za antrakwinoni kwa kilo ya chai. Kemikali hiyo huja na moshi wa kuni, na chai nyingi za kufukizwa hushindwa kupita hapo. Mwaka 2023 kampuni ya Twinings ya Uingereza iliiondoa Lapsang Souchong yake na kuweka mahali pake chai iitwayo Distinctively Smoky, yaani "yenye moshi wa kipekee". Jina la mahali limekwenda, moshi ndio uliobaki kwenye pakiti.

China kwenyewe mambo yamekwenda kinyume: mahali pamebaki, moshi umeondoka. Mwaka 2005 Tongmu ilitoa Jin Jun Mei, chai ya machipukizi matupu, makumi ya maelfu ya machipukizi kwa nusu kilo, isiyofukizwa. Ilipendwa sana na bei yake ikapaa. Tangu hapo mkulima mwenye majani mazuri ana sababu ndogo ya kuyapandisha qinglou, na Zhengshan Xiaozhong nyingi inayonyweka China leo haina moshi kabisa. Ni halali kuitwa hivyo, maana mlima ni uleule. Ila fundi anayejua ni lini apunguze kuni na lini aongeze hafundishwi na mlima. Hufundishwa na moto, na moto unawashwa mara chache.

Kwa hiyo, ndugu yangu muuzaji, mteja yule akirudi, usimwambie imetiwa ladha. Soma kwanza kopo. Ikiwa majani yamepita juu ya moto wa msonobari, mwambie hii ni chai ya rangi iliyofukizwa, kisha mwache anuse tena. Na ikiwa kweli ni majani ya popote yaliyonyunyiziwa harufu, ambayo yapo mengi, basi neno lako la "kutia" liko sawa. Lisiloko sawa ni jina lililo kwenye kopo.