Teknolojia ya Meno Inayokuja: Ipi Itafika Kwanza Kituo cha Afya?

Katika kliniki nyingi za meno nchini Uganda, tiba inayotolewa zaidi ni kung'oa. Mara nyingi mgonjwa hufika uozo ukiwa umeshaingia kwenye neva, baada ya kumeza dawa za maumivu kwa wiki kadhaa, na pengine siku anayofika umeme umekatika, kompresa inayoendesha drili imezima, na kilichobaki mezani ni koleo na sindano ya ganzi. Ndiyo maana sisi tunaotibu na kufundisha fani hii, tunapoulizwa teknolojia ya kesho itabadilisha nini, hujibu kwa kuuliza pia: je, kifaa hicho kitamwezesha mtoto wa Kotido au wa Kisoro kutibiwa jino lake lingali linaokoleka?

Kwa kipimo hicho, kinachostahili kutangulia ni dawa ya maji iliyomo katika kichupa kidogo, iitwayo silva daiamini floridi. Madini ya fedha yaliyomo huua bakteria wanaoozesha jino, na floridi husaidia sehemu iliyolainika kuwa ngumu tena. Mhudumu hulikausha jino kwa pamba, huipaka fizi vaselini ili isiguswe na dawa, kisha hupaka tone moja ndani ya tundu kwa kiburashi na kusubiri kama dakika moja. Hakuna sindano wala mashine inayovuma, na mtoto aliyeingia chumbani akilia anaweza kutoka kabla machozi hayajakauka. Uozo husimama katika meno mengi yaliyopakwa, ingawa si yote, na kwa kawaida dawa hurudiwa baada ya miezi kadhaa.

Ina gharama yake, na mzazi lazima aelezwe kabla: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Kwa gego la utotoni wazazi wengi hukubali bila shida. Kwa jino la mbele la binti wa miaka kumi na mitano, mazungumzo huwa marefu, na ni haki yawe marefu. Aidha, dawa hii haimfai mwenye mzio wa fedha, wala jino ambalo tayari linauma lenyewe usiku au limetunga usaha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na saruji ya meno ya ayonoma.

Saruji hiyo ndiyo msingi wa njia nyingine ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuijua vizuri, kwa sababu ilianzia kwa jirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Mhudumu hukwangua sehemu laini iliyooza kwa vijiko vidogo vya chuma, bila drili, hujaza tundu kwa saruji inayoshikamana na jino lenyewe na kutoa floridi polepole, kisha huikandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini. Kazi hii hufanyika hata darasani, mtoto akiwa amelala juu ya meza. Inaweza kuonekana ajabu kuiita teknolojia ya kesho ilhali ina umri wa miaka arubaini, lakini kwa mtu ambaye haijamfikia bado ni ya kesho, na kadiri saruji zinavyoboreshwa ndivyo viziba hivyo vinavyodumu zaidi. Pia haihitaji zebaki. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, yanataka amalgamu, yaani kiziba chenye zebaki, isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtaalamu aone ni lazima.

Baada ya hizo mbili, tegemeo letu ni simu janja. Katika mfumo wetu wa afya, afisa wa afya ya kinywa hutarajiwa kupatikana kuanzia kituo cha ngazi ya nne. Chini ya hapo, wa kwanza kumwona mgonjwa ni muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji. Picha ya kinywa iliyopigwa vizuri, kwa mwanga wa kutosha na shavu likiwa limevutwa pembeni kwa kijiko safi, inaweza kumwonyesha daktari aliye Mbarara au katika hospitali ya Mulago ni mgonjwa yupi asafirishwe leo na yupi anaweza kusubiri siku ya kliniki.

Faida yake inaonekana hasa katika suala la desturi iitwayo ebinyo. Bado wapo wazazi wanaoambiwa kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga kunasababishwa na "meno mabaya" yaliyojificha kwenye fizi, na vichipukizi vya meno ya chonge huchokolewa kwa spoku ya baiskeli au wembe. Kinachoonwa pale ni uvimbe wa kawaida wa fizi ambamo jino linajiandaa kutoka. Mtoto hupoteza damu, anaweza kuambukizwa pepopunda au virusi vya UKIMWI, na chonge la ukubwani huja limeharibika au lisije kabisa, huku homa, ambayo huenda ni malaria, ikiendelea bila tiba. Muuguzi anayeweza kumwonyesha mama picha za fizi za watoto wenye afya, kisha kumsikilizisha sauti ya daktari kwa lugha yake, ana silaha ambayo bango la ukutani halikuwahi kuwa nayo.

Akili mnemba inaingia hapa kwa tahadhari. Programu zilizofunzwa kwa maelfu ya picha za eksirei tayari zinatumika katika kliniki za Marekani na Ulaya kuonyesha vivuli vya uozo kati ya jino na jino, ambavyo jicho lililochoka hupitwa navyo. Ubora wake, hata hivyo, hutegemea picha ilizofunzwa. Programu ambayo haijaona meno yenye madoa ya floridi, kama tunayoyaona Kisoro, au meno yaliyobadilika rangi kwa mairungi (miraa), inaweza kuyaita yameoza, na mtu akachimbwa jino zima bila sababu. Kwa maoni yetu, programu yoyote ya namna hiyo ijaribiwe kwanza kwa vinywa vya Waganda, na neno la mwisho libaki kwa mtaalamu.

Vifaa vya hospitali kubwa tuvipitie kwa haraka. Kamera zinazochora umbo la meno kinywani zinaondoa ile adha ya kuuma sahani iliyojaa uji mzito wa kuchukua umbo, na printa za 3D zinaweza kumtengenezea mzee meno ya bandia kwa siku chache na kuhifadhi umbo lake, ili yakipotea yachapwe upya. Roboti ilikwishapandikiza meno mawili nchini China mwaka 2017. Hayo yatabaki mijini kwa muda mrefu.

Habari inayotuletea maswali mengi zaidi ni ile ya dawa ya kuotesha meno. Watafiti wa Japani waligundua kwamba ukizuia protini moja, USAG-1, panya na wanyama jamii ya kicheche huota meno ya ziada. Mwaka 2024 majaribio ya kwanza kwa binadamu yalianza katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa wanaume wazima wenye pengo, na lengo la hatua hiyo lilikuwa kupima usalama tu. Wanaokusudiwa kufuata ni watoto waliozaliwa bila baadhi ya meno. Anayeuza leo, mtandaoni au sokoni, dawa ya kuotesha jino lililong'olewa, anauza uongo.

Lipo moja ambalo mgonjwa anaweza kulifuatilia mwenyewe. Mashine ndogo za eksirei zinazoshikwa mkononi zimeanza kuenea kwa sababu hutumia betri na hufika penye barabara mbovu, lakini mnururisho wake ni uleule unaohitaji leseni ya Baraza la Nishati ya Atomiki. Kabla ya kupigwa picha, uliza kama mashine ina leseni na kama mhudumu amesajiliwa na baraza la taaluma yake. Uliza pia picha yako itahifadhiwa wapi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakupa haki ya kujua hilo, hata kama aliyeishika ni programu iliyo kwenye simu.