Mawazo ya mama, maziwa ya mtoto njiti na miwani ya uhalisia pepe

"Sista, maziwa yangu yamekauka." Hakuna wodi ya watoto wachanga ambayo kauli hii haisikiki, na mara nyingi huja siku chache tu baada ya kujifungua. Anayesema ni mama ambaye mtoto wake amelazwa, ana mrija wa kulishia puani, na bado hana nguvu za kunyonya. Mama ameambiwa akamue kila baada ya saa tatu. Anakamua, anachungulia kikombe, anaona matone. Pembeni mashine zinalia, mtoto wa kitanda cha pili ameongezewa oksijeni, na simu ya nyumbani inauliza gharama zimefika ngapi.

Wazee wana maelezo yao: mawazo yamekausha maziwa. Hawako mbali na ukweli.

Maziwa ya mama yanaendeshwa na homoni mbili kuu. Prolaktini huyatengeneza, na hupanda zaidi usiku. Oksitosini huyasukuma nje kwa kukaza misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa ndani ya titi. Oksitosini hutoka mtoto anaponyonya, lakini pia mama anapomtazama mwanawe, anapomsikia akilia, hata anaponusa nguo yake. Hofu, maumivu na aibu huizuia. Adrenalini inayotoka wakati wa hofu nayo hubana mishipa ya damu, kwa hiyo hata oksitosini kidogo iliyopo haifiki inakotakiwa kwa wakati. Basi mama mwenye mawazo mara nyingi maziwa anayo: tenki limejaa, koki ndiyo imekaza. Shida ni kwamba titi likiachwa limejaa kwa saa nyingi, lenyewe hupunguza utengenezaji. Hofu ya siku mbili huweza kuzaa upungufu wa kweli wa wiki nzima, na hapo maneno ya wazee yanatimia.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1948 watafiti wawili wa Marekani, Michael Newton na mkewe Niles, walimpima mtoto uzito kabla na baada ya kunyonya ili kujua amepata maziwa kiasi gani. Siku ambazo mama alikaa kwa amani, mtoto alipata wastani wa gramu 168. Siku nyingine mama alisumbuliwa makusudi: aliwekwa miguu kwenye maji ya barafu, alivutwa vidole vya miguu, aliulizwa maswali ya hesabu. Maziwa yalishuka hadi gramu 99. Kisha wakarudia usumbufu uleule, safari hii mama akiwa amechomwa sindano ya oksitosini, na mtoto akapata gramu 153. Titi ni lilelile na mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni hali ya mama. Ukitaka kujua wodi yenye kelele, mwanga mkali usiku na watu wanaoingia bila kubisha inamfanyia nini mama anayekamua, fikiria yale maji ya barafu.

Kuanzia hapo swali likawa: kama usumbufu hupunguza maziwa, utulivu wa kutengenezwa unaweza kuyaongeza? Mwaka 1989 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa mama wa watoto njiti waliopewa kaseti ya dakika 20. Sauti iliwaongoza kupumua polepole, kulegeza mabega, kisha kumfikiria mtoto na maziwa yakitiririka. Baada ya takriban wiki moja, waliosikiliza walikamua maziwa asilimia 63 zaidi ya wenzao. Mwaka 2012 utafiti mwingine wa Marekani, kwa mama wa njiti vilevile, ulitumia muziki na maelekezo ya kutulia. Maziwa yaliongezeka na mafuta ndani yake pia yaliongezeka siku za mwanzo. Mwaka 2019 Malaysia ilifuata, safari hii kwa watoto waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi: watoto wa mama waliosikiliza sauti ya kutuliza walilala zaidi na wakaongezeka uzito zaidi.

Miwani ya uhalisia pepe ni mjukuu wa kaseti ile. Ni kifaa kinachofunika macho kabisa, chenye skrini ndogo ndani na sauti masikioni. Ukigeuza kichwa, picha inageuka nawe, na ubongo unaanza kuamini kwamba uko ufukweni au msituni, si kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya oksijeni. Hospitali hazikuanza nayo kwenye maziwa. Tangu miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle kimeitumia kwa wagonjwa walioungua: wakati vidonda vinasafishwa, mgonjwa anakuwa kwenye dunia ya theluji, na maumivu anayoyahisi hupungua. Novemba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu programu ya miwani hiyo kutumika nyumbani kwa maumivu sugu ya mgongo. Kuipeleka kwa mama anayekamua ni hatua inayofuata, na baadhi ya wodi za watoto wachanga katika nchi tajiri zimeanza kuijaribu.

Zoezi lenyewe si gumu. Mama anakaa kwenye kiti chenye mgongo, anavaa miwani, pampu ya umeme ikiwa imeshikizwa kwenye matiti yote mawili bila kuhitaji mikono yake. Kwa robo saa hivi anaangalia maji au miti huku sauti ikimwongoza kupumua. Faida ya kwanza ni kwamba haoni chupa, na hili ningelifanya hata bila miwani. Kuhesabu matone ni mateso. Wapo mama wanaofunika chupa kwa soksi ya mtoto ili wasiitazame, na wanaona tofauti. Faida ya pili ni faragha. Mama anayeona haya kukamua mbele za watu anapata ukuta wake mwenyewe, hata kama ukuta huo ni wa kufikirika.

Hata hivyo miwani hii ikiletwa kwetu Afrika Mashariki jinsi ilivyo, haitatoshea. Mama wengi hapa hukamua kwa mkono, ndani ya kikombe safi. Anahitaji macho ili asimwage, na anahitaji mikono yote miwili. Kwake miwani inafaa kabla ya kukamua: avae dakika kumi, avue, anawe mikono, kisha akamue. Na kuna jambo zito zaidi. Kichocheo kikubwa cha oksitosini ni mtoto mwenyewe, na miwani inamwondoa mama mbele ya mtoto. Mama aliyeketi kando ya mwanawe, anayeweza kumgusa na kumnusa, simpi miwani. Ningempa mama aliyetenganishwa: aliyejifungua kwa upasuaji na bado yuko wodi ya wazazi, au ambaye mtoto wake amepewa rufaa kwenda hospitali nyingine. Kwake huyo hata picha inayoonyeshwa isiwe ufukwe wa ugenini. Video ya mtoto wake mwenyewe, iliyopigwa kwa simu na muuguzi au baba, ina nguvu zaidi.

Kuhusu nguvu ya mtoto kuwa kifuani, ushahidi wetu ni mkubwa. Huduma ya kangaruu, yaani mtoto kukaa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu inkubeta hazikutosha. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Muhimbili ilishiriki. Watoto 3,211 wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 walihusika. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubiri walikufa asilimia 15.7. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi mno. Ili hilo liwezekane, mama alihamishiwa ndani ya wodi ya mtoto, akapewa kitanda chake na kuhudumiwa humohumo.

Kwa hiyo mkurugenzi wa hospitali akiniuliza kama anunue miwani, nitamuuliza kwanza mama wanakamulia wapi. Kama ni kwenye benchi la korido, nunua viti vyenye mgongo na mapazia, weka sinki la kunawia mikono, hakikisha chakula cha mama kinafika. Miwani ije baada ya hapo.

Ikija, iwe na masharti. Mwenye kifafa asivae. Vivyo hivyo mama mwenye kipandauso kikali, au mwenye shinikizo la juu la damu anayeumwa kichwa na kuona ukungu. Huyo anahitaji daktari haraka. Kizunguzungu na kichefuchefu huwapata baadhi ya watu. Mama avue papo hapo, akae mpaka kipite, asisimame ghafla hasa akiwa na mshono. Asivae akiwa amempakata mtoto. Miwani ifutwe kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kila mama, na sehemu inayogusa uso iwe ya kubadilishwa, kwa kuwa wodi ya njiti si mahali pa kugawana maambukizi ya macho na ngozi.

Asiye na miwani hajakosa kitu kikubwa. Simu na visikilizio vinatosha: kasida, pambio, taarabu, sauti ya mvua, chochote kinachomtuliza yeye. Mama aketi, ashushe mabega, avute pumzi taratibu kupitia pua na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Kuna pia kukandwa mgongo, jambo linalofundishwa kwenye mafunzo ya unyonyeshaji ya Shirika la Afya Duniani. Mama anainama mbele na kulaza kichwa mezani juu ya mikono yake. Mwenziwe anasugua kwa vidole gumba pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka shingoni hadi chini ya mabega, dakika mbili au tatu. Bibi anaweza kulifanya, na baba pia, na ni kazi bora kuliko kusimama mlangoni akiuliza lini mtoto ataruhusiwa.

Utulivu hauchukui nafasi ya ratiba. Kukamua kuanze mapema, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza na kusipite saa sita, kisha angalau mara nane kwa siku, usiku ukiwemo. Siku mbili za mwanzo matone machache ya dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni kiwango cha kawaida. Tumbo la njiti ni dogo na matone hayo yana kinga. Yavutwe kwa bomba la sindano, yasimwagwe. Mtori na supu ni chakula kizuri kwa mzazi, ila havifungui titi ambalo halijakamuliwa tangu jana jioni.

Mama ambaye huzuni yake haipungui baada ya wiki mbili, halali hata mtoto akiwa salama, hataki kumwona mtoto, au anasema heri asingekuwepo, huyo hahitaji muziki wala miwani. Huo ni ugonjwa unaotibika, na dawa kadhaa zake zinaweza kutumiwa huku mama ananyonyesha. Mwambie muuguzi wa zamu siku hiyohiyo, na mama asiachwe peke yake. Ikiwa mtoto alishatoka hospitali, mpeleke mama kituo cha afya kilicho karibu bila kusubiri tarehe ya kliniki ya mtoto.