Krediti 120 peke yake si shahada

Imani hii imezoeleka mno Marekani: ukisoma huku na kule mpaka ukafikisha krediti 120 (krediti ni kipimo cha masomo uliyomaliza), basi shahada ya kwanza ni yako, kilichobaki ni kuidai. Sivyo. Ni kweli 120 ndicho kiwango cha kawaida, lakini chuo hakihesabu tu. Kinaangalia ni krediti za nini.

Chukua mtu mwenye transkripti, yaani rekodi rasmi za masomo na alama, za vyuo vitatu. Amesoma utangulizi wa saikolojia mara mbili, kwa majina tofauti: utahesabiwa mara moja. Nyingi ya krediti zake ni za vyuo vya miaka miwili, ambazo kwa kawaida huwa za ngazi ya chini, ilhali shahada hudai pia masomo ya mwaka wa tatu na wa nne, tena yaliyojikita katika fani moja. Hapo ndipo wengi hukwama, na inaniuma, maana wangeambiwa mapema wasingeendelea kurundika kozi za mwanzo.

Isitoshe, vyuo vingi hutaka sehemu ya masomo, mara nyingi krediti 30 hivi, isomwe kwao wenyewe.

Njia ipo, lakini. Thomas Edison State ya New Jersey, iliyoanzishwa 1972, na Charter Oak State ya Connecticut, ya 1973, ni vyuo vilivyoundwa kwa ajili ya watu wazima, na hupokea krediti za nje kwa wingi kuliko ilivyo kawaida. Kabla hujalipia kozi nyingine yoyote, peleka transkripti zote zikatathminiwe, kisha omba kwa maandishi orodha ya masomo yaliyobaki.