Fremu sio mbao nne na misumari: tunayodanganyana kuhusu kazi ya fremu za picha, na ukweli wake

Nina karakana ndogo ya fremu hapa Dar, Mwananyamala, chumba kimoja na kibaraza. Nasema fremu za picha za ukutani, sio fremu za maduka ya kupangisha. Kila wiki nakutana na watu wa aina mbili, mteja ambaye picha yake imeharibiwa na fremu, na kijana anayetaka kuanza hii kazi huku ameshajazwa maneno ambayo yatamlia mtaji wote kabla ya mwaka kuisha. Ukiwachunguza wote wawili tatizo lao ni moja, wanaiangalia fremu kwa mbele. Kazi yenyewe iko kwa nyuma, kule ambako ikishatundikwa hakuna anayepaona tena, na ndio nimekaa leo niyaandike.

Wanachoniambia vijana karibu wote ni hiki: "Kaka fremu si mbao nne tu, unakata pembe, unagonga misumari, umemaliza."

Haya tuhesabu. Kona moja ina mikato miwili ya nyuzi 45, kwahiyo fremu moja ina mikato 8. Msumeno wako ukikosea nusu ya nyuzi tu, kitu ambacho kwa macho hukioni kabisa, kona tatu za kwanza zitakaa vizuri, zitakudanganya, halafu ya nne inakataa kufunga maana makosa yote 8 yamehamia pale, nyuzi 4 nzima. Hapo ndipo fundi anachanganya vumbi la mbao na gundi anaziba, anapitisha rangi, mteja anaondoka na tabasamu lake, na baada ya mwezi kona imepasuka. Na hata pembe zikiwa sawa, pande zinazotazamana zikipishana urefu milimita moja tu hamna kona hapo. Mimi nazilaza mbili mbili mgongo kwa mgongo napitisha ukucha kwenye ncha, ukucha ukikwama narudi kwenye msumeno.

Na msumari hauungi kona jamani. Gundi ndio inaunga, msumari unashika tu mpaka gundi ikauke. Mbao ukiikata kichwani inakunywa gundi kama mchanga unavyokunywa maji, ukipaka mara moja ukaunga, gundi yote imezama ndani na pale katikati hakuna kitu. Paka nyepesi, iache dakika kadhaa inywe, paka tena, ndio ubane na klempu au kamba, halafu isiguswe mpaka kesho. Mteja wa "naisubiria hapahapa" mwambie ukweli.

Halafu kuna suala la mninga. Watu wanaamini fremu nzuri lazima iwe ya mninga au mtiki, na mimi mninga naupenda sana, rangi yake haihitaji hata kupakwa, lakini kinachoamua maisha ya fremu ni ukavu wa mbao, jina linafuata baadaye. Paini iliyokauka vizuri, hizi zinazotoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, inanipa kona zinazodumu kuliko mninga mbichi. Mbao ikikauka inanywea kwenye upana wakati urefu unabaki karibu vilevile, kwahiyo ile nyuzi 45 uliyoikata kwa jasho inabadilika yenyewe ukutani. Ukikuta kona imeachia upande wa ndani jua mbao iliingia kazini mbichi, ukikuta imeachia upande wa nje jua imevimba, imekula unyevu. Mimi mbao nikiinunua inapanda juu ya boriti inakaa wiki kadhaa ndio naigusa.

Na hizi moldingi, zile fimbo ndefu tunazokatia fremu, za plastiki kutoka China ambazo kila mtu anasema ni takataka zimeua kazi yetu? Sikubaliani. Mchwa hawazili, masika hazivimbi, nyepesi, na kwa cheti cha A4 zinatosha kabisa. Udhaifu wake ni kwamba kioo kikubwa zinashindwa kukibeba, kona zinaachia, na kwenye ukuta unaopigwa na jua zinapinda. Kinachoniuma mimi ni zile fremu zilizokuja zimeshaunganishwa, maana zina saizi zao. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, picha ya inchi 10 kwa 12 ni kama 25.4 kwa 30.5, haiingii, sasa mtu anafanyaje, anachukua mkasi. Nimeletewa picha ya harusi ambayo bibi aliyesimama pembeni amekatwa bega zima ili picha iingie kwenye fremu ya dukani, na filamu yake haipo tena. Picha haikatwi. Fremu ndio inakatwa.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndipo karakana nyingi zinafia na mwenyewe hajui amekufa na nini.

Dhana ni kwamba ukijua mzunguko wa picha umejua moldingi inayohitajika. Tuseme mteja kaleta picha ya sentimita 60 kwa 80, kapenda moldingi pana ya sentimita 5. Mzunguko ni 280, fimbo ni mita 3, kijana anaona inatosha na chenji ya sentimita 20 inabaki, anataja bei ya fimbo moja, mteja analipa. Anaanza kukata ndio anagundua upande wa nne hauna mbao. Kila kona inakula upana wa moldingi mara mbili, kona nne ni mara nane, 5 mara 8 ni 40, ukijumlisha na 280 unapata 320. Anaenda kununua fimbo ya pili kwa hela ya mfukoni mwake, na faida yote ya kazi hiyo imeishia kwenye kipande kitakachokaa pembeni miezi. Kanuni ni hiyo tu, mzunguko jumlisha upana wa moldingi mara 8, iandike ukutani kwa mkaa kama mimi. Picha hiyohiyo ukimshauri moldingi ya sentimita 2 inakuwa 296, inaingia kwenye fimbo moja kwa kubanana sana maana meno ya msumeno nayo yanakula kama milimita 3 kila mkato, na fimbo ikiwa na kichwa kibovu haiingii.

Kwa hesabu hiyohiyo, moldingi ya sentimita 2, A3 inakula kama 159, A4 inakula kama 117. A3 mbili hazitoki kwenye fimbo moja, ila A3 moja na A4 moja zinatoka. Ndio maana mimi oda za vyeti sikati moja moja, nazikusanya siku mbili tatu nazipanga kwenye karatasi kwanza. Mabaki nayapanga kwa urefu, mafupi kabisa yanakuwa fremu za picha za pasipoti na za watoto, hakuna kinachotupwa.

Na chukua nusu ya malipo kabla hujagusa msumeno. Sio kwamba wateja ni wabaya, hapana, ila fremu ya kupimwa ikikataliwa hakuna mtu mwingine duniani mwenye picha ya saizi ile. Muda wako nao uhesabu. Kusafisha kioo peke yake, unafuta, unafunga, unageuza, unakuta unywele mmoja ndani, unafungua tena, mara tatu.

Wengine wananiambia soko la fremu ni watalii na wachoraji tu. Wangekuwepo Machi 2021. Rais Magufuli alifariki tarehe 17, Mama Samia akaapishwa tarehe 19, na baada ya hapo picha rasmi ikatoka na kila ofisi ikawa inaihitaji pembeni ya ile ya Mwalimu, shule, zahanati, serikali za mitaa, maduka, sikupumzika. Lakini hata bila hayo mkate wa kila siku ni vyeti vya mahafali, harusi, Ayatul Kursi, Moyo Mtakatifu wa Yesu, na picha za marehemu. Hizo za marehemu ndio nataka tuongelee kwa makini.

Kuna mama alikuja na picha ya baba yake, ya studio, miaka ya sabini, mzee amevaa suti amesimama mbele ya pazia lenye mawingu. Fundi wa kwanza alifanya kile ambacho karibu wote tunafundishwa, kioo juu, picha chini yake, hadibodi nyuma, bana kabisa isicheze. Watu wanaamini kioo kikigusa picha ndio kinailinda. Kwa hali ya hewa yetu hii ya pwani ndio unaiua. Picha za studio za zamani juu zina utando wa jelatini, unyevu ukiingia ule utando unalainika unanata kwenye kioo, ukikauka umeshaganda. Usoni kwa mzee kulikuwa na doa linalong'aa ukubwa wa sarafu, pale ndipo ilipogandia. Alitaka nibandue kwa kisu, nikakataa. Ukibandua, uso unabaki kwenye kioo. Tulichofanya tuliipiga picha vizuri kupitia kioo hichohicho, ikasafishwa kwenye kompyuta, ikachapwa upya, na ile halisi nikamrudishia na kioo chake akaiweka kabatini.

Kwahiyo maunti, lile kadi lenye dirisha linalozunguka picha, watu wanadhani ni urembo wa kuongezea bei. Urembo upo, ila kazi yake ni kuweka nafasi kati ya picha na kioo. Mteja hataki maunti? Sawa, bandika vijiti vyembamba chini ya mdomo wa fremu, havionekani, nafasi inapatikana. Hapa usikubali kubembelezwa.

Na kadi lenyewe lisiwe la boksi. Kadibodi la boksi na karatasi za bei rahisi zina asidi inayotoka kwenye mbao, baada ya miaka unakuta mstari wa kahawia umechoreka kwenye picha kufuata dirisha. Omba kadi lisilo na asidi, ni ghali kweli, na ukikosa kwa picha nzima angalau karatasi isiyo na asidi ipite katikati ya picha na hadibodi.

Kioo kinazuia jua? Kidogo sana. Kioo cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa ya miale ya UV inayopauza rangi, na hata kile kioo maalumu cha kuizuia, mwanga wa kawaida bado unapauza polepole. Badilisha ukuta, ni bure. Halafu akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, watu wanaiita kioo feki, wakati ni nusu ya uzito wa kioo na haipasukii mtoto. Ila usiifute na dawa za vioo zenye amonia, inapata nyufa ndogondogo, na usiiweke juu ya mchoro wa chaki maana inavuta vumbi la chaki.

Sio kila picha inataka kioo pia. Za Tingatinga ni mfano mzuri. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 hapahapa Dar, akichorea hadibodi kwa rangi za mafuta zilezile za kupakia baiskeli, alifariki 1972 na kazi ikaendelezwa na wenzake mpaka leo, siku hizi nyingi ziko kwenye kitambaa. Rangi ile ni ngumu, vumbi unalifuta kwa kitambaa kikavu, haina haja ya kioo. Shida yake inakauka juu huku chini bado laini, ukiweka kioo juu ya picha mpya umeibandika. Igonge kwenye fremu ya ndani, kitambaa kivutwe kuanzia katikati kwenda kwenye kona, basi.

Selotepu na gundi ya maji naziona kila siku nyuma ya picha za watu na kila siku zinaniumiza. Selotepu inageuka njano, gundi yake inapenya mpaka mbele. Picha ya karatasi inashikwa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano, chini iachwe huru, maana karatasi inatanuka na kunywea na hewa, ukiibana pande zote inajikunja mawimbi. Cheti nacho usikilaminate kwanza ndio ukakiletea fremu, ile plastiki haitoki tena bila kuondoka na karatasi.

Kanga ndio kabisa. Dada mmoja aliniletea kanga ya marehemu bibi yake, ilikuwa imebandikwa kwenye plaiwudi kwa gundi ya kupuliza, madoa ya njano yamejaa kwenye mji na jina linasomeka nusu. Kitambaa kinashonwa, hakibandikwi. Shona kwenye kitambaa kingine cha pamba kilichofuliwa, mishono midogo kwenye pindo kila baada ya sentimita chache, uzi wa rangi ileile, halafu ndio kile cha chini ukivute kwenye fremu. Kwa kanga nzima ni kazi ya siku mbili na itoze kama kazi ya siku mbili. Ile ya yule dada niliikuta imeshachelewa, nilichoweza ni kuitoa ubaoni polepole na kuonyesha upande uliopona.

Mwisho kutundika. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7 na nusu kwa mita moja ya mraba, kwahiyo picha ya sentimita 70 kwa 100 kioo peke yake ni zaidi ya kilo 5, na watu wanaining'iniza kwa msumari mmoja na uzi. Weka pete mbili, theluthi moja kutoka juu, na ndoano mbili ukutani. Kwenye kona za chini kwa nyuma mimi nabandika vipande viwili vya mpira wa kandambili, unene wa kidole, fremu inakaa mbali kidogo na ukuta, hewa inapita, na masika ukuta ukitoa jasho picha inabaki kavu.