Lord Erroll: kesi iliyokufa ndani ya mtutu

Ukitaja mauaji ya Lord Erroll, mkabaila wa Uingereza aliyeishi Kenya ya kikoloni, watu hukimbilia mapenzi na ulevi wa walowezi. Mimi kazi yangu ni ushahidi wa silaha, na ninavyoiona, kesi hii ilifia ndani ya mtutu wa bastola.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941, lori la maziwa lilikuta Buick imeacha barabara huko Karen, nje ya Nairobi, taa zikiwaka. Ndani, pale pa kuwekea miguu, Josslyn Hay, Earl wa Erroll, alikuwa amejikunja, amekufa kwa risasi ya kichwa. Alikuwa hawara wa Diana, mke kijana wa Sir Jock Delves Broughton. Ndoa yao haikuwa imemaliza hata miezi mitatu. Machi, Broughton akakamatwa. Kesi ilianza Mei mbele ya Jaji Mkuu Sheridan na baraza la waamuzi, Wazungu watupu. (Mwafrika akishtakiwa enzi hizo hakupewa baraza kama hilo.)

Sasa tuje kwenye silaha. Siku chache kabla ya mauaji, Broughton aliripoti kwamba bastola zake mbili zimeibwa. Serikali ikasema wizi huo ni wa kubuni. Polisi wakaenda shamba moja la Nanyuki alikowahi kupiga shabaha, wakaokota risasi kuukuu ardhini, wakazilinganisha na za Karen. Zote, wakasema, zimetoka bastola moja.

Hapo ndipo wakili wa utetezi Harry Morris, aliyeletwa kutoka Johannesburg, alipopata mlango. Ndani ya mtutu huchongwa mifereji inayojisokota ili risasi izunguke hewani, na mifereji hiyo huacha alama zake kwenye kila risasi inayopita. Risasi za Karen zilionyesha mifereji mitano, iliyojisokota kulia. Bastola zilizoandikishwa kwa jina la Broughton zilikuwa Colt, na Colt ina mifereji sita, inayojisokota kushoto. Morris alimwuliza shahidi wa serikali mwenyewe kama risasi hizo zingeweza kutoka kwenye Colt. Jibu lilikuwa hapana.

Kwa maoni yangu kosa la waendesha mashtaka lilikuwa kuifunga hoja yao yote kwenye bastola zile zilizoibwa. Wangedai Broughton alikuwa na silaha ya tatu isiyoandikishwa, risasi za Nanyuki zingewafaa hata bila Colt. Ila silaha hiyo wangeitoa wapi? Bastola iliyoua haikuonekana mahakamani, wala haijapatikana baadaye.

Tarehe 1 Julai waamuzi wakamwachilia. Kwa ushahidi uliokuwa mezani, nami ningemwachilia. Desemba 1942 alijiua hotelini huko Liverpool, na wengi wanakichukua kifo hicho kama ungamo. Mimi sikichukui hivyo: kufikia wakati huo mke alikwisha kumwacha na jina lake lilikuwa limechafuka, na hayo hayahitaji kuua mtu ili yamvunje mzee.