Eti video za ndani ya gemu ni kucheza tu: nanyi mwaniudhi sasa

Tangu nianze kutengeneza vijifilamu vyangu ndani ya World of Warcraft hapa Lamu kila mtu ananitolea fatwa, wengine hata leptopu hawajawahi kuishika. Kwa wasiojua, hii kazi huitwa machinima, yaani unaingia kwenye gemu ya mtandaoni ambamo wenzio wanaua majoka, wewe unawafanya wale wahusika waigizaji, mmoja anakua kamera, unarekodi skrini halafu unaenda kuunga vipande nje. Bado najifunza lakini uongo nishausikia wa kutosha.

Ule mkubwa kabisa ni eti unacheza zako tu huku inarekodi. Wallahi siku ya kurekodi hakuna anaecheza! Sisi watatu tunasimama mahali pamoja saa nzima kwa ajili ya nusu dakika ya video. Kamera yenyewe ni mhusika kama wengine, kwa hivo unasogeza mtazamo mpaka unaona kwa macho yake ili mwili wake usitokee, unabonyeza Alt na Z kwenye kibodi, basi vile vitufe vya gemu na majina vinaondoka kwenye skrini, na unatembea pole pole maana ukikimbia picha inaruka ruka. Anaeongea anaandika /talk mhusika wake anaanza kurusha mikono kama mzee wa barazani. Na kitu ambacho kilinisumbua wiki mbili: anachokiona muigizaji kwake sicho unachokiona wewe kwa wakati ule ule, intaneti inachelewesha, kwake yeye keshageuka, kwako bado kakupa mgongo. Kwa hivo skrini ya kamera ndo inayohukumu, muigizaji asibishane.

Halafu kuna wapita njia. Gemu ni ya watu wote, mtu hakujui anakuja anakurukia katikati ya maneno ya huzuni, na huna la kumfanya, ni kama punda kwenye kichochoro cha Langoni, unajibana ukutani mpaka apite. Dawa yake ni saa. Seva yetu, yaani kompyuta inayoendesha gemu, ni ya Ulaya na sisi tuko mbele ya Paris saa moja au mbili kutegemea majira, basi nikitoka kuswali alfajiri nawasha mashine, wachezaji wa huko bado wamelala, mji wote wa gemu ni wangu.

Dhana nyingine, lazima uwe na mashine ya laki mbili. Hapana. Gemu yenyewe ilitoka 2004, imeboreshwa sana tangu hapo lakini ukishusha ubora wa picha inakwenda kwenye mashine ya kawaida, na mpaka levo 20 hulipi kitu. Kurekodi skrini ni programu ya OBS, bure. Kuediti ni Kdenlive, bure pia (DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lakini hio inataka kadi ya picha ya maana, yangu ililia). Kilichonitesa mimi si mashine bali stima. Nilikua narekodi kwa mp4, ile aina ya faili ya video iliyozoeleka, stima ikakatika, faili lote likafa, dakika arobaini za watu watatu walioamka alfajiri. Nenda kwenye mipangilio ya OBS uweke aina nyingine, mkv, hata stima ikikatika kile ulichokwisha kurekodi kinabaki, kisha ndani ya OBS yenyewe unaigeuza kua mp4 bila kupoteza ubora. Hili nililijua baada ya kulia.

Bando je? Watu wanaogopa bure. Video ya megabiti 6 kwa sekunde ni kama MB 45 kwa dakika, filamu ya dakika tano haifiki hata MB 250. Ipandishe usiku ulale.

Na wale wa "wataalamu tu ndo wanaweza": mwaka 2005 kule Ufaransa Alex Chan, ambae hakua mtu wa filamu, alitumia gemu inayoitwa The Movies akatoa filamu ya dakika kama 13 juu ya fujo za vitongoji vya Paris na ikazungumzwa mpaka Marekani. Tuendelee.

Haki za watu, hapa vijana wengi wanajidanganya. Blizzard wenye gemu wanaruhusu video za mashabiki ila usimtoze mtu pesa kutazama. Nyimbo lakini ni habari mbali, ukiweka bongo fleva au taarabu ya mtu YouTube inaitambua yenyewe, na matangazo yakija pesa inakwenda kwa mwenye wimbo au video inazuiwa. Mimi nilimuomba ami yangu anipigie udi dakika mbili, na huo udi ndo kila mtu anausifia kuliko filamu.

Jambo ambalo linanirudisha kwenye uongo wa mwisho, eti picha ndo kila kitu. Jamani mtu atavumilia picha mbovu lakini sauti ya kwenye pipa hamalizi dakika moja anaondoka. Kila mtu arekodi sauti yake kwake, kwenye simu, na WhatsApp atume kama faili sio voisi, maana voisi inabanwa. Nyumba zetu za mawe na chokaa kuta ni nene kelele za nje hazingii sana, ila ndani sauti inagonga ukutani inarudi, kwa hivo nimesimamisha godoro nyuma yangu na kutundika khanga sita za khalati yangu mbele. Jana kaja anazitaka ana harusi Shela, nami nimebakisha maonyesho mawili, tumekubaliana anachukua nne.