“Sitaki Makamu, Nataka Mkuu wa Chuo Mwenyewe”

Kila zinaposambaa picha za Rais akimpokea Makamu Mkuu mpya wa chuo kikuu cha umma, najua wiki inayofuata itakuwaje kwenye dawati langu. Simu zitaita tangu asubuhi, barua zitamiminika, na nyingi kati ya hizo zitakuwa zimeandikwa kwa mtu asiyehusika. Nimefanya kazi ya utawala chuo kikuu miaka mingi, na jambo hili moja, kwamba anayeendesha chuo kikuu ni Makamu Mkuu wala si Mkuu wa Chuo, nimelieleza mpaka sauti imekauka. Safari hii naliandika.

Juzijuzi alikuja mzee mmoja aliyesafiri kwa basi kutoka Singida.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwona Mkuu wa Chuo.”

Nikamwambia shida yake inashughulikiwa na ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo, na kwamba itaanzia kwa Naibu wake wa Taaluma. Akatikisa kichwa. “Mwanangu, mimi nimetoka mbali. Sitaki makamu, wala naibu wa makamu. Nataka mwenyewe.”

Kwenye bahasha yake ya khaki mlikuwa na barua ya tatu. Mbili za kwanza alizituma kwa posta miezi kadhaa nyuma, juu zimeandikwa “Mheshimiwa Mkuu wa Chuo”, akiomba binti yake aahirishe mwaka wa masomo kwa sababu ya maradhi. Karatasi za hospitali zilikuwepo na mihuri yake. Barua hizo zilikaa kwenye jalada la Mkuu wa Chuo zikisubiri mtu wa kuzielekeza kunakohusika, na hapo chuo chetu nacho kina lawama, sikatai. Wakati zimelala, mitihani ya mwisho wa muhula ikapita. Binti hakufanya mtihani, hakuwa na ruhusa, na kwenye mfumo akasomeka ametoroka masomo. Akadisko, yaani akaondolewa masomoni.

Ndiyo maana dhana hii inaniumiza kuliko zote: kwamba Makamu Mkuu wa Chuo ni msaidizi, na bosi halisi yuko juu yake, mahali fulani, akiitwa Mkuu wa Chuo.

Makamu Mkuu wa Chuo ndiye anayeendesha chuo kikuu. Yeye ndiye mtendaji mkuu na ndiye afisa masuuli, maana yake shilingi ya umma ikipotea pale, anayeitwa kujieleza ni yeye. Yeye ndiye mwenyekiti wa Seneti, chombo kinachopitisha matokeo, mitaala, na ruhusa kama ile aliyoitaka yule mzee. Wafanyakazi, mikataba, nidhamu, mabweni, vyote vinaishia mezani kwake kabla ya kwenda Baraza la Chuo. Mkuu wa Chuo ni kiongozi wa heshima. Utamwona kwenye mahafali akiwa na joho lake, akitunuku shahada. Anakipa chuo hadhi, anatoa ushauri, anafungua milango ambayo profesa hawezi kuifungua. Hapangi ratiba ya mitihani na hasaini ruhusa za wagonjwa.

Tazama walioshika nafasi hiyo. Januari 2016 Rais Magufuli alimteua Rais mstaafu Jakaya Kikwete kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nafasi iliyokuwa wazi tangu Balozi Fulgence Kazaura afariki mwaka 2014. Chuo Kikuu cha Sokoine kikapewa Jaji Joseph Warioba, na Chuo Kikuu Huria kikapewa Mizengo Pinda, wote wawili mawaziri wakuu wastaafu. Hawa ni wazee wa taifa, na nchi iliwapa vyuo kwa sababu ya heshima yao. Mwaka 2017, Rais huyohuyo alipomteua Profesa William Anangisye kuwa Makamu Mkuu pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo ndipo alipokuwa anaweka mtu wa kufungua ofisi asubuhi na kujibu barua.

Lakini siwalaumu wazazi peke yao. Lugha yenyewe ya vyeo inawatega. Ukienda Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), ukienda Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), ukienda chuo cha ufundi cha VETA au cha ualimu, anayeitwa Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji mwenyewe, ndiye anayesaini na kuamua. Mzazi aliyesomesha mtoto wa kwanza huko amezoea hivyo. Mtoto wa pili anapoingia chuo kikuu, jina ni lilelile na kazi ni nyingine kabisa. Ongeza na Makamu wa Rais, ambaye kweli ni msaidizi wa Rais kwa mujibu wa Katiba. Mtu anapiga hesabu zake na kuona makamu ni makamu tu. Mfumo huu wa vyeo tuliurithi kwa Waingereza. Chuo kikuu cha kwanza nchini, cha Dar es Salaam, kilianza mwaka 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kwa Waingereza Mkuu wa chuo kikuu ni mtu wa hadhi anayekuja siku ya sherehe, huku Makamu akibaki na kazi.

Kuna historia nyingine inayokoroga mambo, na kwa wazee wetu ndiyo yenye nguvu zaidi. Wao walimwona Rais akiwa ndiye Mkuu wa Chuo. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu 1963, na Julai 1970 Dar es Salaam kilipojitegemea akawa Mkuu wake wa kwanza. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe, na akawarudisha nyumbani karibu 400. Aliyeshuhudia hayo atakwambia Mkuu wa Chuo anafukuza na kurudisha wanafunzi, na huwezi kumbishia kwa kilichotokea mbele ya macho yake. Ninachomwomba akumbuke ni kwamba aliyeandamwa siku ile alikuwa Rais wa nchi, na aliyeamua ni Rais wa nchi. Mwaka 1971 ugomvi ulipozuka tena Mlimani juu ya jinsi chuo kinavyoendeshwa, wanafunzi walimkabili Pius Msekwa, Makamu Mkuu. Wao walijua mlango ni upi.

Majirani zetu walikuwa na mtindo huohuo. Kenya, mpaka mwisho wa utawala wa Moi, Rais ndiye aliyekuwa Mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Kibaki alipoingia aliachia, na mwaka 2003 wakateuliwa watu wengine. Uganda walitenganisha kwa sheria ya 2001. Huku kwetu bara Rais anateua, havai joho la chuo chochote kwa cheo chake. Zanzibar ni tofauti, na hili wengi wa bara hawalijui: pale SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, chuo kilichoundwa kwa sheria ya 1999, Rais wa Zanzibar ndiye Mkuu wa Chuo. Kwa hiyo ukiona picha ya Rais wa Zanzibar akimkaribisha Makamu Mkuu mpya wa SUZA, hapo anamkaribisha kwa kofia zote mbili. Hata hivyo, mwanafunzi wa SUZA mwenye shida ya matokeo aanzie kwa mkuu wa idara yake, asiende kupiga foleni Ikulu.

Sasa ushauri wangu, ambao wenzangu ofisini wanasema naurudia kama adhana, na nitaendelea kuurudia. Chukua barua ya udahili ya mwanao utazame chini: aliyesaini, na aliyeandikwa saini imewekwa kwa niaba yake. Huyo ndiye anwani yako. Andika kwa Makamu Mkuu wa Chuo, kupitia kwa Amidi au Rasi wa Ndaki, yaani mkuu wa kitivo au ndaki anayosoma mwanao. Toa nakala mbili. Ipeleke masjala, ofisi inayopokea barua, kwa mkono, wewe au ndugu aliye karibu, wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako, uondoke nayo. Barua isiyo na muhuri wa masjala ni maneno ya mdomoni. Nimeona kesi zikiokolewa na muhuri ule mdogo wa wino wa bluu, tena zaidi ya mara moja.

Dhana nyingine zinazosambaa pamoja na picha hizo nitazipita haraka.

“Rais amempokea, basi hela za chuo zimetoka.” Hapana. Fedha za chuo cha umma hupita kwenye bajeti ya wizara, Bunge likaidhinisha, Baraza la Chuo likasimamia matumizi. Kusalimiana hakuhamishi fungu.

“Makamu mpya atatuletea bumu.” Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, hutolewa na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi 2005, na chuo hupokea orodha na kuwasainisha wanafunzi. Bumu likichelewa, anza kwa afisa mikopo wa chuo, ujue kama jina lako limefika.

“Neno moja la mkubwa, mtoto anapata nafasi.” Sifa za chini za kujiunga husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na tangu 2017 waombaji huomba moja kwa moja chuoni. Wapo wanaokusanya pesa za wazazi wakidai wanafahamiana na kiongozi aliyeteuliwa jana. Mtu wa namna hiyo mripoti polisi.

“Aliyeteuliwa na Rais ni mwanasiasa.” Msekwa alitoka kweli kwenye utendaji wa TANU, hilo siwezi kulificha. Lakini Matthew Luhanga aliyeongoza Mlimani miaka 15, tangu 1991 hadi 2006, alikuwa mhandisi, na Rwekaza Mukandala aliyemfuata alikuwa profesa wa sayansi ya siasa aliyeifundisha darasani. Na kuteuliwa na Rais hakumwondoi Makamu Mkuu chini ya Baraza.

Ya mwisho ndiyo iliyomleta yule mzee siku ile hasa. Aliona kwenye simu ya kijana wake Makamu Mkuu mpya akipeana mkono na Rais, akaambiwa kiongozi mpya hufungua mafaili ya waliodisko na kuwasamehe. Kiongozi mpya hana msamaha wa aina hiyo mfukoni. Rufaa huenda Seneti, na Seneti hutazama vielelezo na tarehe.

Tukaketi tukaiandika upya barua yake ya tatu. Nilibadilisha mstari wa juu tu, nikaongeza namba ya usajili ya binti, tukaambatisha karatasi za hospitali na risiti za posta za zile barua mbili. Masjala wakagonga muhuri kabla ya saa tano asubuhi, na nakala akairudisha kwenye bahasha yake. Seneti iliikubali rufaa. Binti amerudi darasani mwaka huu, na wenzake aliodahiliwa nao wako mwaka mmoja mbele yake.